Mazagazaga ya kabatini: kuyatoa yote, kuyafungia, au kuyanunua kwa siku yake?

Muulize mtu wa Forest au Isyesye hapa Mbeya, au wa Kihesa kule Iringa, kuna chakula gani nyumbani kwake. Atakutajia unga, mchele wa Kyela, maharage, viazi, pengine na dagaa. Hatataja katoni ya biskuti iliyo juu ya kabati, chupa kubwa ya soda iliyobaki Jumapili, juisi za unga, kripsi za watoto, wala kreti la soda la wageni lililosukumwa chini ya kitanda. Lakini ikifika saa nne usiku, ugali umeshashuka na baridi imeshika, mkono hauendi kwenye maharage.

Huku nyanda za juu nimeona watu wakipambana na vitu hivyo kwa njia tatu. Wapo wanaovitoa vyote, hakuna cha pakiti kinachovuka mlango. Wapo wanaoviacha ndani lakini chini ya kufuli, na mama anatembea na ufunguo. Na wapo wasioweka akiba kabisa: siku moja ya wiki, kwa wengi Jumamosi au Jumapili, vinanunuliwa vya siku hiyo tu, vinaliwa, vinaisha.

Nitoe hukumu mapema kwa asiye na muda. Nyumba ya watu wazima watupu, hasa yenye mgonjwa wa kisukari au presha, itoe vyote. Nyumba yenye watoto wa shule inunue kwa siku yake. Kufungia ndiyo njia inayopendwa kuliko zote, na ndiyo ninayoiweka mkiani.

Kutoa vyote

Nguvu ya njia hii ni kwamba unaamua mara moja tu. Unaamua asubuhi, sokoni Mwanjelwa, umeshakunywa chai na una orodha mkononi. Ukibeba katoni, utalazimika kuamua upya kila unapopita jikoni, na mara nyingi utakuwa umechoka, umeboreka au umegombana na mtu. Huyo wa saa nne usiku usimwachie kazi ngumu.

Mwaka 2019 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, ulichapisha mapitio kuhusu kupunguza vyakula vilivyopo mbele ya watu na kuvisogeza mbali. Ilionekana kwamba aina zikipungua, au chakula kikiwa mbali, watu huelekea kuchagua kidogo na kula kidogo. Waandishi wenyewe walikiri kwamba ushahidi bado ni dhaifu, nami sitautia chumvi. Ila unaelekea kulekule ambako kila mama mwenye kabati anakujua.

Hesabu ya soda inasaidia kuona ukubwa wa jambo. Soda ya kola ina takribani gramu 10.6 za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 ina gramu 37 hivi. Kreti moja la chupa 24 za ukubwa huo ni lita 8.4, yaani karibu gramu 890 za sukari. Pungufu kidogo ya kilo, chini ya kitanda, "ya wageni". Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2015 linataka sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana isifike asilimia 5. Kwa mtu anayekula kalori 2,000 hiyo ni gramu 50, na bora zaidi gramu 25. Chupa moja imeshavuka hiyo ya pili.

Tena sisi tuna balaa letu la pekee. Dar es Salaam soda isiyoingia kwenye friji hainyweki, kwa hiyo kreti lililopo chumbani linajilinda kidogo. Mbeya mwezi wa Juni na Julai chumba chenyewe ni friji. Ukitoa chupa chini ya kitanda inatoka baridi.

Kinachowakwamisha wengi kwenye njia hii ni wageni. Mgeni ameingia, utampa nini? Soda imekuwa alama ya heshima, na mwenyeji anaona aibu kumkaribisha mtu kwa maji. Hapa sioni ugumu unaosemwa. Chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha, viazi vitamu, magimbi au karanga za kukaanga havijawahi kumfukuza mgeni Rungwe, na mgeni wa baridi anaipokea chai kwa mikono miwili. Kwa shughuli kubwa, kipaimara au mahari, nunua soda za siku hiyo na urudishe kreti kesho yake. Wenye duka la jumla wanataka chupa zao hata hivyo.

Jambo moja la tahadhari, na halina mjadala. Kama nyumbani kuna mtu anayechoma insulini au anayemeza dawa za kisukari zinazoweza kushusha sukari kupita kiasi, usimwachie nyumba isiyo na sukari ya haraka. Akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, anahitaji kama gramu 15 za sukari papo hapo: vijiko vitatu au vinne vya chai vikikorogwa kwenye maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari ya kawaida. Baada ya dakika 15 apimwe tena, na kama bado iko chini arudie. Akiwa hawezi kumeza, au amezimia, msimnyweshe chochote; akimbizwe hospitali. Hiyo akiba ni dawa. Iwekwe pamoja na dawa zake na kila mtu mzima aijue ilipo.

Udhaifu wa kutoa vyote unaonekana kwenye nyumba ambayo mmoja ameamua na wengine wameamuliwa. Baba anatangaza kwamba kuanzia leo hakuna biskuti, kisha usiku anapitia Kabwe kula chipsi mayai na kurudi akinukia mafuta. Watoto wana pua. Kama mtoaji hayumo ndani ya sheria yake mwenyewe, njia hii haivuki mwezi.

Kufungia kabatini

Nakubali kwamba inavutia. Haipotezi kitu, mgeni akija una cha kumtolea, na mzazi anajiona ameshika usukani. Kwa mtu mzima anayeishi peke yake, kuweka pakiti ndani ya ndoo yenye mfuniko, juu kabisa, kunaweza kumpunguzia zile safari za kupita na kudokoa. Kwa watoto naiona inaleta kinyume.

Mwaka 1999 watafiti wawili wa Marekani, Jennifer Fisher na Leann Birch, walichapisha majaribio waliyofanya kwa watoto wadogo. Waliwapa watoto vyakula vya aina moja vinavyopendwa, kimoja wakakizuia na kingine wakakiacha huru. Kile cha kuzuiwa kiliwekwa mahali watoto wanakiona, wakaruhusiwa kukila kwa muda mfupi tu. Watoto walikizungumzia zaidi, wakakiomba zaidi, na muda ulipofika walikikimbilia. Zuio lilikipandisha thamani chakula ambacho kabla ya hapo hakikuwa na ajabu yoyote.

Kabati lenye kufuli linafanya kazi hiyohiyo. Kila mtu anajua kilichomo. Mtoto anajua hata pakiti ngapi zimebaki, kwa sababu mdogo wake alichungulia ulipofungua kumtolea mgeni. Ufunguo unageuka rushwa: "Ukimaliza hesabu nakupa", "ukilia sikupi". Siku unayosahau ufunguo mezani, hakuna anayekula pakiti moja. Zinakwenda sita, harakaharaka, nyuma ya nyumba, na mtoto hasikii hata ladha yake.

Mtasema mbona tunaambiwa kila siku kwamba kuficha tu kunatosha, weka matunda mbele na biskuti nyuma. Ushauri huo ulienezwa sana na kazi za Brian Wansink wa Chuo Kikuu cha Cornell. Mwaka 2018 jarida la tiba la JAMA na majarida yake mengine yaliondoa makala zake sita kwa mpigo, na chuo chake kikasema alikiuka maadili ya utafiti. Haimaanishi kwamba kuweka ndizi mezani ni kazi bure. Inamaanisha usitegemee kwamba kusogeza kopo kutoka rafu ya chini kwenda ya juu kutabadilisha ulaji wa familia nzima.

Kwa hiyo nikilinganisha hizi mbili za kwanza upande kwa upande, tofauti kubwa naiona katika kile mtoto anachokiwaza. Kwenye nyumba isiyo na biskuti anauliza mara mbili tatu, anapewa kiazi, anarudi kucheza. Kwenye nyumba ambayo biskuti zipo na amekatazwa, anazo kichwani kutwa nzima, na wewe unakuwa askari. Gharama pia inatofautiana. Kufungia hakupunguzi bajeti hata shilingi, maana vitu bado vinanunuliwa; vinachelewa kuliwa tu.

Kununua kwa siku yake

Njia hii haina tamko kubwa, na labda ndiyo maana inadumu. Hakuna kilichoharamishwa. Soda ipo, keki ipo, siku yake ni Jumapili baada ya ibada. Siku nyingine jibu ni moja, halina hasira wala hotuba: leo si siku yake.

Inakwenda vizuri na maduka yetu. Ulaya na Marekani familia inayofanya manunuzi ya wiki hubebeshwa pakiti kubwa. Duka la mtaani huku linakuuzia biskuti za mia au mia mbili, pipi moja, soda moja. Mapitio mengine ya Cochrane, ya 2015, yalionyesha kwamba watu wakipewa sahani, pakiti au kipimo kikubwa hula zaidi kuliko wakipewa kidogo, na hilo lina ushahidi wa kuridhisha. Pakiti ndogo ya duka la jirani, ambayo tunaidharau kwa sababu "ya jumla ni nafuu", inakupimia bila wewe kupima.

Hapo ndipo ninapogombana na wale wa kununua katoni. Ni kweli, ukihesabu pakiti moja moja, ya jumla ni rahisi zaidi. Lakini fanya hesabu ya mwezi, usifanye ya pakiti. Kama katoni iliyokusudiwa kumaliza mwezi inaisha siku ya kumi, na unarudi kununua nyingine, umeokoa nini? Jumla inafaa kwa sabuni, chumvi na mchele, maana hakuna anayeamka usiku kulamba sabuni.

Ugumu wake ni kwamba inahitaji watu wazima kukubaliana. Bibi akiona mjukuu analia Jumatano, siku ya Jumapili ataihamisha. Baba akirudi safari na mfuko, imehama tena. Na siku yenyewe isigeuzwe sherehe. Ukiitangaza tangu Alhamisi, ukaitumia kama zawadi ya tabia njema, umerudi kwenye kufuli kwa mlango wa nyuma. Inunuliwe, iliwe baada ya chakula cha mchana watu wakiwa wameshiba, kinachobaki kisiingie kabatini.

Kwa mtu mzima mwenye tabia ya kujinyima wiki nzima kisha kulipuka siku moja, hii si njia yake. Huyo nyumba isiyo na kitu itampumzisha zaidi.

Bakuli ambalo halimo katika mjadala

Unaweza kutoa biskuti, soda na kripsi zote na bado usiwe umegusa kitu kikubwa kuliko hivyo, kwa sababu hakina pakiti yenye rangi. Ni bakuli la sukari mezani. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 4, na vyetu havisawazishwi. Vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, na msimu wa baridi vinafika vitano bila mtu kugundua. Vikombe hivyo vitatu tu ni gramu 36, sawa na ile soda uliyojisifu kuiacha.

Ningelazimishwa kuchagua kitu kimoja tu cha kutoa mezani Uyole mwezi wa Julai, ningeliacha bakuli la biskuti na kulibeba la sukari. Chai ikorogwe jikoni kwa kipimo kimoja, ije mezani imeshawekwa sukari. Tangawizi, mchaichai na iliki vinasaidia ulimi kuzoea, na ukipunguza nusu kijiko kila baada ya wiki mbili hakuna atakayekuandama.

Maandazi ya asubuhi nayo yanastahili neno, ila sitayaweka kundi moja na kripsi. Andazi la nyumbani na maharage yaliyolala ni kifungua kinywa cha haki. Maandazi manne na chai ya sukari tupu, kisha saa nne njaa imerudi, ni habari nyingine.

Ukiwa na mtoto chini ya miaka mitano

Hapa lengo linabadilika kabisa, na makala nyingi kutoka nje haziligusi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi, mtoto na viashiria vya malaria wa 2022 ulikuta udumavu wa watoto chini ya miaka mitano ni karibu asilimia 30 kwa nchi nzima. Iringa ulifika kama asilimia 57, Njombe na Rukwa kama 50. Hii ni mikoa inayolisha wengine mahindi, viazi na maharage.

Udumavu una sababu nyingi: lishe ya mama mjamzito, maradhi, maji, muda wa mama shambani, na uji wa mahindi matupu usio na kitu kingine. Biskuti siyo chanzo chake. Ila tumbo la mtoto wa miaka miwili ni dogo, na kripsi na juisi ya unga aliyopewa saa tano ili anyamaze inachukua nafasi ya yai, maharage yaliyopondwa, maziwa au dagaa wa saa saba. Kwa mtoto huyu huondoi mazagazaga ili ale kidogo. Unaondoa ili apate nafasi ya kula zaidi. Na kwa umri wake kutoa vyote ni rahisi kuliko umri wowote, maana hajui jina la kitu wala duka lilipo. Kila mwaka unaochelewesha soda ya kwanza ni faida.

Rafu ikibaki tupu, itajazwa

Njia zote tatu zinakufa kama saa kumi jioni watoto wanarudi shule na hakuna kitu. Huku hatuna kisingizio. Parachichi za Rungwe na Njombe ambazo wanunuzi wa nje wamezikataa kwa sababu ya kovu kwenye ganda zinaishia kwenye masoko yetu, na nyama yake haina kasoro. Ndizi za Tukuyu zipo mwaka mzima. Kuna mahindi ya kuchemsha kwa msimu, njegere, karanga, viazi vitamu, mtindi, na tufaa za Njombe zinapofika. Sufuria moja ya viazi vitamu iliyochemshwa mchana na kufunikwa inafanya kazi kubwa kuliko kufuli. Weka mahali mtoto anapofika mwenyewe, asiombe ruhusa.

Karanga zipimwe kwa kiganja, kwa sababu zina mafuta mengi na haziachiki. Juisi ya matunda uliyosaga na kutia sukari usiihesabu kuwa tunda.

Duka lililo hatua ishirini

Kutoa vitu ndani ya nyumba ni ushauri uliozaliwa mahali ambapo duka liko mbali na mtu anakwenda kwa gari. Kwetu duka la Mangi, kama tunavyomwita mwenye duka la mtaani ingawa Mbeya mara nyingi ni Mkinga, liko upande wa pili wa barabara na linafungwa saa nne usiku. Ndilo kabati la mtaa. Ukisafisha lako na kuliacha hilo kama lilivyo, umesafisha nusu.

Nusu iliyobaki ina sehemu tatu. Ya kwanza ni daftari la mkopo. Nyumba nyingi zina ukurasa, na mtoto anajua kusema "mama amesema uandike". Mwone mwenye duka ana kwa ana, kwa heshima, mwambie mtoto akija peke yake aandikiwe chumvi, sabuni, kiberiti na vocha tu. Hatakataa, maana deni la pipi ndilo linalomsumbua kulikusanya. Ya pili ni hela ya shule. Mtoto anayebeba mia tano na tumbo tupu atakutana na kikapu cha pipi na ubuyu wa rangi nje ya geti, hata nyumbani kwenu kuwe safi namna gani. Ashibe asubuhi, abebe kiazi au ndizi, na hela ipunguzwe badala ya kuondolewa, ili asijione mnyonge mbele ya wenzake.

Ya tatu ni ndugu. Shangazi anayetoka Tunduma hawezi kuja mikono mitupu, na mfuko wake una biskuti na juisi za ng'ambo ya mpaka. Ukimkataza akiwa ameshafika umemwaibisha mbele ya watoto. Mpigie kabla hajapanda basi: "Shikamoo shangazi. Watoto wanakusubiri, wanaulizia zile karanga zako." Ataleta karanga, na ataleta nyingi.